Sentimita Nne za Benchini

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mengia aliamshwa na kengele ya saa ya baba yake, na kila siku aliichukia kuliko jana. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alivaa soksi mbili mbili, akanywa maziwa ya moto akiwa amesimama, akabeba mkoba wenye rula ndefu, mizani, ufagio mdogo na redio ya mkononi, kisha akaanza kupanda. Nusu saa nzima alijikokota katikati ya miti, theluji magotini, hadi malisho ya juu ambako ng'ombe hupelekwa wakati wa kiangazi.

Huko juu kulikuwa na ubao mweupe uliolazwa juu ya theluji. Kazi yake ilikuwa kupima theluji iliyoangukia ubao huo tangu jana, kuipima uzito, kuchimba kidogo kuona kama imeshikana na ile ya zamani, halafu kuufagia ubao na kuulaza tena. Namba aliziandika katika daftari, akazituma kwa simu kwenye ofisi ya theluji mjini, na akabandika nakala kwenye mlango wa duka la mikate. Kila aliyetaka kwenda mlimani alizisoma hapo kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Jachen, baba yake. Aliifanya kwa miaka kumi na tisa bila kukosa hata asubuhi moja. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwenye ngazi ya zizi la mbuzi akavunjika mguu, na kijiji kizima kikamcheka kwamba milima yote imeshindwa, ngazi ya zizi ndiyo imemweza. Mama yake Mengia aliondoka kila alfajiri na basi la kwanza kwenda kupika katika hospitali ya mjini. Basi akabaki Mengia.

Wiki ya kwanza aliringa. Wiki ya pili alinyamaza. Wiki ya tatu alikuwa hoi bin taabani. Darasani alisinzia hadi akagonga dawati kwa paji la uso, na rafiki yake Ladina akamwambia, "Mwenzetu, kesho njoo na mto kabisa, utuonee huruma." Wenzake walicheka. Mengia hakuwa hata na nguvu za kununa.

Ikafika Alhamisi. Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma, na asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa, huwezi kuona mlima. Mengia alisimama mlangoni, mkoba mgongoni, miguu ikakataa. Pembeni ya mlango palikuwa na benchi lenye theluji mpya kidogo. Akachomeka rula. Sentimita nne.

Nani atajua? Aliandika: theluji mpya, sentimita nne, imeshikana vizuri, hakuna nyufa. Akatuma kwa jina la baba yake kama kawaida, akakimbia kubandika nakala yake, kisha akarudi kitandani. Tusidanganyane, usingizi ule ulikuwa mtamu.

Jioni walipokuwa wakinywa supu ya shayiri, aliingia baba yake mdogo, Curdin. Yeye aliwaongoza wapanda mlima, na wageni wake wanne walikuwa wamesubiri wiki nzima kupanda korongo la barafu lililo nyuma ya mlima. Hapo kijijini theluji ilikuwa kidogo kweli, kila mtu aliiona. Hata hivyo Curdin alikuna kidevu.

"Kaka, nne tu? Na upepo wote ule?"

Jachen alikuwa amemeza dawa za maumivu, macho yakimfumba. Akamgeukia binti yake. "Ulipima wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, baba," alisema Mengia, macho yamezama kwenye bakuli.

Curdin akasema hayo yanamtosha, maana daftari la nyumba ile halijawahi kumdanganya. Akaaga, akaenda kuandaa kamba zake. Supu ikamshinda Mengia.

Ijumaa alipanda. Hakulala vizuri, na alitaka angalau siku hiyo aifanye kazi kwa haki. Usiku mbingu ilikuwa safi, hakuna hata chembe iliyoanguka, kwa hiyo alitarajia kuukuta ubao mtupu. Alipofika hakuuona. Alichimba, akachimba tena, mpaka ufagio ukagonga mbao. Akasimamisha rula. Arobaini na saba.

Ilikuwa theluji ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Kijijini upepo uliipitisha tu, ukaja kuirundika huku juu. Mengia alipiga hatua moja nyuma, na chini ya miguu yake kukatoka mlio mzito kama wa mlango wa ghala unaofungwa. Theluji ikatitia kidogo, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yake hatua kumi. Baba yake alimfundisha zamani maana ya mlio ule. Theluji ya juu imekalia tabaka bovu, na kwenye mteremko mkali mtu mmoja akiikanyaga, yote inaporomoka naye.

Korongo la Curdin lilikuwa na mteremko mkali. Naye aliondoka saa kumi na moja, na sasa ilikuwa saa moja kasoro.

Mengia alitoa redio. Masafa yale yalisikilizwa na watu wote: waokoaji, walinzi wa kibanda cha mlimani, na baba yake aliyelala na redio karibu na mto wa kulalia. Angeweza kusema tu kwamba leo ni arobaini na saba, akaishia hapo. Lakini Curdin angejua usiku haukudondosha kitu, angedhani mtoto amekosea kusoma rula, na angeendelea kupanda. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akapiga moyo konde.

"Baba mdogo, unanisikia? Ni Mengia."

"Nakusikia, mama. Tuko chini ya korongo, tunafunga kamba. Sema haraka."

"Usipande. Jana sikuja huku juu. Nilipima benchi la nyumbani. Huku ni arobaini na saba, na imelia chini ya miguu yangu, na imepasuka."

Curdin alisikika akiwaambia wageni wasimame.

"Rudia namba."

"Arobaini na saba. Nilidanganya, baba mdogo."

"Nimekuelewa. Shuka kwa njia ya msituni, usikanyage mteremko wazi. Na sisi tunageuza."

Mengia aliufagia ubao, akaulaza tena juu ya theluji, kisha akashuka kwa njia ya msituni.

Mchana Curdin aliingia jikoni, akaketi bila kuvua koti. Alieleza kwamba wageni walinung'unika sana, kwa hiyo aliwachimbia shimo pale pale chini, akakata kipande cha theluji chenye upana wa sepetu, akakigonga kwa ncha za vidole. Mara ya tatu kipande kizima kikachomoka kwenye lile tabaka bovu kikamwangukia magotini. Wageni wakafunga midomo.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilipaswa kuchimba hata kama ingeandikwa sentimita moja."

Jachen hakugomba, na hilo lilimuuma Mengia kuliko kugombwa. Aliagiza aletewe daftari. Mengia akachukua ufutio, baba akamzuia. Akamwambia aikate ile nne kwa mstari mmoja, isomeke, aandike namba ya kweli kando yake na jina lake mwenyewe, kisha akabandike nakala mlangoni pa duka la mikate. Mengia alifanya hivyo huku akilia.

"Nisikilize, mwanangu," alisema baba. "Kuchoka si kosa. Kosa la kukutwika kazi hii peke yako ni langu. Ungesema umechoka, tungeandika 'leo hatukupima', na Curdin angejua kwamba hajui. Asiyejua huchimba kabla ya kupanda. Wewe ukampa nne, akaacha kuchimba. Wanaopanda kule hawakanyagi theluji tu. Wanakanyaga na neno lako."

Walipatana kwamba Curdin atapima siku nne kwa wiki na Mengia tatu, mpaka mguu upone.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Mengia. Mwili ulimuuma kama siku zote. Alipanda nusu saa nzima kwa njia ya msituni, akaukuta ubao mtupu, hauna hata chembe. Akasimamisha rula hivyo hivyo, akaandika sifuri na jina lake, akaufagia ubao, akaanza kushuka.