Sentimita Sitini

Kila asubuhi ya likizo, kabla chai haijapoa, Miguu alikuwa tayari bandani kwa shangazi yake akipanga nguzo kwenye mkokoteni. Jina hilo la utani alilipata mapema: alianza kutembea akiwa na miezi tisa na, kwa maneno ya bibi yake, hajaketi tangu siku hiyo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hatimaye miguu yake ilikuwa imepata kazi inayoifaa.

Shangazi alikuwa fundi seremala. Kamati ya mji ilimkabidhi kilomita nane za njia mpya ya watembeaji, njia ya kilomita mia tatu inayokatiza uwanda wa nyasi. Uwandani hakukuwa na mti wala kilima cha kumwelekeza mtu. Nyasi zilifika kifuani, na ukipita zinajifunga nyuma yako kana kwamba hukupita. Kwa hiyo nguzo ndizo zilizokuwa njia. Ukisimama kwenye moja, lazima uione inayofuata.

Kila nguzo ilikuwa na urefu wa mita mbili, na shangazi aliizungushia pete ya rangi nyekundu sentimita sitini kutoka chini.

"Pete ikae sawa na ardhi," alisema kila asubuhi, hata kwa wale ambao hawakumwuliza. "Ikionekana juu, shimo ni fupi. Shimo fupi ni kazi bure."

Aliyechimbia nguzo aliruhusiwa kuchonga alama yake juu. Miguu alichonga wayo. Binamu yake, msichana aliyeitwa Maswali kwa sababu zinazoeleweka, alichonga alama ya kuuliza.

Walifanya kazi vizuri mpaka nguzo ya ishirini na tatu, kwenye kibonde. Hapo mtaimbo uligonga jiwe. Walihangaika mpaka jua la mchana likawachoma visogo, na shimo lilikuwa na sentimita thelathini tu.

"Tumwite shangazi?" Maswali aliuliza.

Miguu alikuwa amejigamba kwamba wangefika nguzo ya ishirini na tano siku hiyo, na kujigamba kuna gharama zake. Alichukua msumeno, akakata sentimita thelathini kutoka chini ya nguzo, akaisimamisha. Pete nyekundu ilikaa sawasawa na ardhi. Kipande alichokikata alikitupa nyasini.

"Nani atajua?" alisema.

"Mimi," Maswali alijibu. "Na wewe."

Kazi ilipokwisha, shangazi alikagua nguzo zote arobaini. Pete zote zilikuwa sawa na ardhi. Alirudi mjini kifua mbele, na kila aliyekutana naye aliambiwa habari za mtoto wa kaka yake. "Mdogo hivi, lakini kazi yake ni ya mtu mzima!" Miguu alitabasamu kila mara, na kila mara sifa hizo zilimchoma kama mwiba ndani ya kiatu.

Siku moja kabla ya njia kufunguliwa, mchungaji mmoja wa ng'ombe alileta kigoda chake kibovu bandani.

"Fundi, ng'ombe wangu wanakushukuru," alisema. "Umewaletea pa kujikunia. Wakishiba tu, wanapanga foleni."

Shangazi alicheka mpaka akaiweka randa chini. "Waache wajikune! Sentimita sitini haziogopi ng'ombe."

Chai ilimpalia Miguu. Mchungaji alipoondoka, aliuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, nguzo ikianguka kwenye kibonde, itakuwaje?"

"Aliye kwenye nguzo ya kabla yake hataona ya kufuata, atapotea nyasini. Na kesho anapita mama mmoja, muuguzi mstaafu, peke yake, wa kwanza kabisa. Tumemwambia afuate nguzo zetu tu."

Miguu angeweza kunyamaza. Lakini alimfikiria yule mama akizunguka nyasini mpaka giza liingie.

"Shangazi, ya ishirini na tatu niliikata chini. Shimo ni fupi."

Shangazi alifuta vumbi la mbao mikononi. "Nimekusifu mbele za watu," alisema mwishowe.

"Najua. Nisamehe."

"Imeniuma. Lakini umesema leo, wala hukungoja kesho." Alichagua nguzo mpya ukutani. "Chukua mtaimbo."

"Na mimi nije?" Maswali alichungulia mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi hutakuja tu. Utachimba."

Waliikuta nguzo imelala, ina manyoya ya ng'ombe. Miguu alirudi mpaka nguzo ya ishirini na mbili, akatazama mbele: nyasi. Ya ishirini na nne haikuonekana kabisa. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Wakachimba kwa zamu, wakigonga jiwe mahali pamoja mpaka likapasuka. Shangazi alikaa kando na futi kamba yake.

"Hamsini na tano," alisema.

"Zimebaki tano tu!" Maswali alilia, akionyesha malengelenge mikononi.

"Ndiyo. Zimebaki tano."

Wakazichimba hizo tano. Wakasimamisha nguzo, wakashindilia mawe na udongo, na Miguu akachonga wayo wake upya.

Asubuhi iliyofuata walimngoja mgeni palepale. Aliibuka kutoka nyasini, mama wa makamo mwenye mkoba mgongoni, akitembea kama mwenye nyumba yake.

"Shikamoo, mama," watoto walisema.

"Marahaba, wanangu. Kuna jiwe ndani ya kiatu changu!"

Akaiegemea nguzo kwa mgongo wake wote, akainua mguu, akavua kiatu, akakikung'uta bila haraka. Nguzo haikutikisika hata kidogo. Mgeni alipogeuka kushukuru, aliona alama.

"Nguzo imara kweli! Wayo huu ni wa nani?"

"Wangu," Miguu alisema, na safari hii sifa haikumchoma popote. Alijivuna mpaka masikio yakapata moto.

Mgeni aliitazama nguzo inayofuata, akaiona, akaenda zake. Shangazi alimshika Miguu bega.

"Alichokiegemea yule mama ni zile sentimita sitini zilizo chini, ambazo hakuziona na hataziona kamwe. Kazi ya kweli ndivyo ilivyo, mwanangu: unaifanya vizuri hata pale ambapo hakuna jicho la mtu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii yetu ina kilomita mia tatu."

Miguu aliisukuma nguzo kwa nguvu zake zote. Ilisimama.