Kihami Kinachojiponya

Mashine iligonga kihami, kile kikombe cha kaure kinachozuia umeme wa waya usishuke kwenye nguzo, kwa nyundo, ufa ukatokea, kisha ufa ukajiziba wenyewe mbele ya wageni. Wageni wakapiga makofi. Mhandisi Nyamizi, aliyekibuni, hakupiga. Damu ilikuwa inamchemka.

Katika Tabora ya mwaka 2094, kila kitu cha umeme kilikuwa na kazi yake. Shaba iliupitisha. Silikoni, ambayo huupitisha ikitaka na kuuzuia ikitaka, ilifikiri ndani ya mashine. Kaure iliukataa kabisa, ndiyo maana waya ziliegeshwa juu yake, umeme usishuke kwenye nguzo za chuma. Nyamizi alichanganya kaure na utomvu unaoyeyuka na kuziba nyufa. Mashine-kaguzi ilitazama ngozi laini ya kihami hicho, ikatamka: salama.

Miezi kadhaa kabla ya siku ya wageni, kihami cha kwanza kilipofungwa kwenye nguzo, fundi Mihambo hakuridhika. Alikigonga kihami kwa mpini wa nyundo na kutega sikio, kama mafundi wa laini za umeme walivyozoea, maana kihami kizima hulia kama kengele. "Bosi, hiki kimekufa. Hakilii," alisema. Mkurugenzi Sizya akamwambia apande nguzo au arudishe sare. Akapanda, akashika chuma cha nguzo, umeme ukampitia. Hospitali ilimkata mikono yote miwili. Ripoti ikaandika: uzembe wa fundi. Uzembe! Na aliyeiandika alikuwa ofisini, kwenye kiyoyozi.

Jana Nyamizi alikipasua kihami kile. Ndani alikuta uzi mweusi. Kila kilipojiponya, utomvu uliungua na kuacha kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Leo waya zilizoegeshwa juu ya vingine elfu nne mitaani zilikuwa karibu kuwashwa.

"Usiwashe," Nyamizi alisema kwa sauti.

Sizya alitabasamu kwa ajili ya wageni. "Mhandisi, sahihi kwenye cheti cha usalama ni yako."

"Ni yangu. Nilisaini bila kupasua hata kimoja, na aibu hiyo nitaibeba. Lakini wewe uliambiwa."

"Mashine imesema salama."

"Basi shika hii nguzo ya chuma yenye vihami hivi, halafu tuwashe."

"Usinivunjie heshima hapa."

"Shika!"

Sizya aliitazama nguzo. Akaingiza mikono mifukoni, na wageni wote wakamwona. Mmoja wao, mama mtu mzima, akamgeukia Mihambo, aliyesimama nyuma na shati la mikono mirefu isiyo na kitu ndani.

"Baba, uliwaambia kweli?"

"Niliwaambia, mama," Mihambo alijibu. "Mara tatu."