Mlio Chini ya Sauti ya Baba

Kokwijuka aliugundua mlio ule kabla hajajua unatoka wapi. Ulikuwa chini ya sauti ya baba yake, mdogo, kama mtu anayegonga meza kwa ncha ya kidole katika chumba cha pili. Du-du. Du-du. Baba akizungumza ulikuwepo. Baba akinyamaza ulibaki, na hapo ndipo ulisikika vizuri zaidi.

Baba yake, mzee Rwegoshora, alikuwa fundi wa Kamba Kuu. Kutoka dirisha la karakana ya redio jijini Kyaka, Kamba ilionekana ikitoka ardhini ng'ambo ya mto Kagera na kupanda wima mpaka ikapotea katika mwanga. Haikuwa nene kuliko shina la mgomba. Juu yake vilipita vipanda-kamba, mashine zenye magurudumu yanayobana, vikibeba mizigo na watu hadi kituo cha anga, bila moshi wala mngurumo. Watoto waliozaliwa baada ya Kamba hawakuinua hata macho kuitazama.

Lakini Kamba nayo huchakaa. Roboti zilijaribiwa kuikagua zikashindwa kuhisi uzi mmoja uliolegea kati ya maelfu. Mikono ya mzee Rwegoshora iliuhisi. Kwa hiyo alikaa juu kwa miezi, akashuka kupumzika kidogo, akapanda tena. Kila jioni zamu yake ilipoisha, alimpigia binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Za huko?"

"Salama tu. Za nyumbani?"

"Salama."

"Na migomba?"

"Salama, imezaa."

"Na yule jirani wa mbuzi?"

"Yeye salama. Mbuzi ndiye tumemfunga. Amekula tena miche yako ya kahawa."

Mzee alicheka, na chini ya kicheko mlio ukaenda mbio kidogo, kisha ukatulia.

Kokwijuka alikuja kuujua mlio ule alipoajiriwa karakana. Mhandisi wake, mama Nyakato, alimfungulia kofia ya anga mezani siku ya kwanza.

"Tazama. Kofia ina antena moja tu, hii hapa. Lakini ina kazi tatu. Inapeleka sauti ya mtu. Inapeleka mahali alipo. Na inapeleka mapigo ya moyo wake kwa mashine ya huku chini, tunaiita mlinda-moyo. Kila kazi ina masafa yake. Sasa zote tatu zikipita mlango mmoja, nani anazizuia zisikanyagane?"

"Sijui, mama."

"Huyu." Aliinua kidude cha rangi ya buluu, kidogo kuliko ukucha. "Kitenga-tatu. Kina vichujio vitatu ndani. Kila kichujio kinapitisha masafa yake na kuyarudisha ya wenzake. Hakina akili wala umeme wake. Kinajua kutenga tu."

Vile vya buluu vilikuwa vya zamani na vilivuja kidogo. Mapigo ya moyo yalipenya hadi kwenye njia ya sauti. Familia nyingi za mafundi ziliyasikia zikadhani ni hitilafu ya laini. Kokwijuka hakumwambia mtu. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, na baba ndiye aliyembembeleza, akimlaza kifuani mpaka apate usingizi. Mlio ule aliujua kabla ya kujua kusema.

Halafu ikatokea habari ya Kaijage.

Kaijage alikuwa fundi kama baba, na kwa kuongea hakuna aliyemshinda kwenye Kamba. Siku hiyo alikuwa anawasimulia wenzake kwa redio jinsi alivyokosea harusi, akala akashiba, akacheza, ndipo akagundua bibi harusi si binamu yake. Katikati ya kicheko maneno yake yakawa mazito, yakaburuta, akawa anaguna tu. Moyo wake ulikuwa umeanza kusimama. Kule chini, taa yake kwenye mlinda-moyo iliendelea kuwaka kijani, kwa sababu sauti yake ilivuja ikaingia kwenye njia ya moyo, na mashine ikaihesabu kama mapigo. Alinusurika kwa kuwa mwenzake alikuwa karibu akaona mikono yake imelegea.

"Sasa hivi anawasimulia wauguzi," alisema mama Nyakato baada ya kutoka kumwona. "Wamemkataza kuongea, anaongea kwa macho." Kisha akaacha kucheka. "Koku, tutabadilisha vitenga vyote. Wewe utachagua. Una masikio mazuri na huna haraka. Ila usichague kwa karatasi ya kiwandani. Chagua kwa ajili ya mtu atakayekivaa."

Jioni ile baba alipiga kama kawaida, akamkuta bado karakana. Za huko? Salama tu. Kokwijuka alisikiliza chini ya maneno. Du-du. Du-du. Du... Kukawa kimya kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha, du-du.

"Baba, umechoka leo?"

"Aa, salama, mama. Kazi ni ileile."

Akatazama ubao wa taa za mlinda-moyo. Ya baba yake ilikuwa kijani tulivu. Alitaka kusema neno, lakini baba akishasema salama, mtoto atasema nini juu yake?

Sampuli zilikuwa mbili, ukiacha cha buluu. Cha shaba kilitenga vizuri sana. Ulipopeleka sauti katika mlango mmoja na kusikiliza katika mingine, hukusikia kitu. Lakini kilikula nguvu nyingi ya mawimbi yenyewe, na kwa mafundi wa sehemu za juu kabisa sauti ingefika imekatika-katika. Cha kauri kilitenga sawasawa na cha shaba na kilikula kidogo. Ubaya wake ulikuwa ukubwa. Kofia zote zingebidi kutobolewa upya.

Kokwijuka alikiweka cha kauri ndani ya jokofu la majaribio, maana upande wa Kamba wenye kivuli ni baridi kali. Akakihamishia kwenye oveni, maana upande wa jua unachoma. Baridi na joto husogeza masafa ya kichujio, na kikisogea mno kinaanza kuvuja. Cha kauri kilisogea kidogo tu, hakikutoka nje ya mipaka. Akakirudisha kwenye jokofu. Akakipima tena. Siku iliyofuata akaanza upya.

"Koku," mama Nyakato alisema mwishowe, "hicho kitenga unakipima au unakichumbia?"

Kokwijuka alitabasamu akiinamia meza. Kwenye ubavu wa kile cha kauri palikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishia. Aliigusa.

"Mama, nikilegeza hapa, kinaweza kuvuja kidogo? Upande mmoja tu? Moyo uingie kwenye sauti, lakini sauti isiingie kwenye moyo?"

Mama Nyakato alivua miwani. "Hapana, mwanangu. Kitu kisicho na umeme wake hakijui kwenda wala kurudi. Ukiacha ufa, aliye ndani atatoka na aliye nje ataingia." Alimtazama kwa muda. "Kwa nini unataka moyo uingie kwenye sauti?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Mama Nyakato hakumsukuma. Alimwachia chai mezani akaenda zake.

Kokwijuka alikaa na kidude kiganjani. Kama angechagua cha buluu kilichoboreshwa kidogo, kama kiwanda kilivyokuwa kinapendekeza, hakuna ambaye angemlaumu. Kilikuwa chepesi na kofia zisingetobolewa. Na mlio ungebaki. Lakini sikio lake lilikuwa na baba jioni tu, kwa muda wa salamu. Mlinda-moyo ulikuwa naye tangu asubuhi, kila alipopumua, kama ungeachwa usikie. Akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu ya uchaguzi: cha kauri. Kisha akaikaza ile skrubu mpaka mwisho.

Kofia ya kwanza kutobolewa ilikuwa ile ya akiba ya baba yake. Aliomba iwe hiyo. Ilipanda na kipanda-kamba cha mizigo, na jioni iliyofuata simu ikaingia kwenye meza ya majaribio, mama Nyakato akiwa kando yake akitazama ubao wa taa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama! Ee, mbona uko karibu hivyo? Kama uko humu ndani ya kofia."

"Ni kile kitenga kipya. Nimekichagua mimi."

"Wewe? Basi nitawaambia wote huku: hiki ni cha binti yangu. Hujambo lakini?"

"Sijambo. Za huko?"

"Salama tu."

Sauti ilikuwa safi mno. Alisikia buni ya kahawa ikipasuka kati ya meno ya baba, kwa kuwa mzee hakuacha kutafuna kahawa hata angani. Alisikia pumzi zake. Chini ya hayo hapakuwa na kitu. Alisubiri, akakandamiza visikilizi masikioni. Kimya. Ilikuwa kama kuingia chumba ambacho saa ya ukutani imetolewa.

Mama Nyakato alimgusa bega. Kwenye ubao, taa ya Rwegoshora ilikuwa imetoka kijani ikawa njano. Mzee bado alikuwa anaongea, anasifia kofia, lakini safari hii mashine haikudanganyika na maneno yake. Ilikuwa inausikia moyo wenyewe, na iliuona ukiruka. Mama Nyakato aliinuka taratibu kwenda kumwita daktari wa zamu, akafunga mlango nyuma yake bila kelele.

"Mama? Upo? Nimesema, za nyumbani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, mahali lilipokaa miaka yote. Kokwijuka alitafuta chini ya sauti ya baba kitu kingine cha kushikilia, hakukipata. Kulikuwa na sauti yake tu na ya baba yake, na kati yao hakuna kilichobaki cha kusema kwa niaba yao.

"Si salama, baba," alisema.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Wewe. Nimekuwa nikiusikia moyo wako, baba. Kila jioni, ulikuwa unavuja kwenye simu, na mimi nilikuwa nausikiliza kuliko maneno. Siku hizi unaruka. Sasa hata mashine inaona. Watakushusha, usiwabishie."

Mzee Rwegoshora alinyamaza. Safari hii kimya chake kilikuwa kitupu, na binti yake ndiye aliyepaswa kukijaza.

"Kila nilipokwambia salama, baba, nilikuwa naogopa. Nyumba ni kubwa bila wewe. Shuka, uniache nilaze kichwa kifuani kwako niusikie mwenyewe."