Sala Kabla ya Tangazo

Pikipiki ya Yamaha ilipanda ukingo wa barabara Kamwokya, ikamwaga beseni la nyanya, ikaanguka kiubavu.

Kabla magurudumu hayajaacha kuzunguka, Aol alikuwa amemkalia mwendeshaji mgongoni. Mdomo wa bastola ya Glock ulimgusa kisogoni.

"Kichupa kiko wapi?"

"Umechelewa, nyabo, bibi mkubwa." Jamaa alicheka huku anatema damu. "Kimeshaingia kiwandani Chemchemi. Saa nne mama yenu ni maiti."

"Nani amekipokea?"

Hakujua. Watu wa kutumwa hawaambiwi.

Aol akabonyeza redio ya Motorola. "Afande Santo, sumu imo ndani ya jengo. Mpokeaji hajulikani."

"Ingia." Sauti ya mkuu wake kutoka Naguru ilikuwa kavu. "Na sikiliza. Mama yule wa Chemchemi atasema nini redioni juu ya msitu, hilo si letu. Wako wakubwa wanaotaka anyamaze. Sisi tunalinda pumzi zake tu. Akifa, wezi wa magogo watasema wachuuzi waliomgomea wamemuua. Mji utawaka, nao watakata miti raha mustarehe."

"Sawa, afande."

Langoni mwa kiwanda cha soda cha Chemchemi, kampuni ya Kenya, wachuuzi wa soko la Owino walikuwa wamerundika kreti walizokataa kuuza, hadi chini ya madirisha. Chupa zote zimejaa, hazijafunguliwa. Msitu wa Kasolo ulikuwa karibu kufyekwa ili ipandwe miwa, na Chemchemi ndiyo ingenunua sukari yake.

"Wakenya, rudini kwenu na maji yenu ya sukari!" alifoka Kulusum, mwanamke mpana aliyewaongoza.

Aol alimpita, akaingia ndani.

Juu, katika chumba cha bodi, vipaza sauti vya redio vilikuwa tayari kwa tangazo la saa nne. Loice Namalwa, mkurugenzi mkuu, alimkubali Aol, mlinzi mpya aliyeletewa na polisi, kwa kutikisa kichwa tu. Alikuwa vitani.

"Wenye hisa wanataka kimya," alisema Travis, mshauri wao kutoka ng'ambo, kwa Kiswahili alichojifunzia Nairobi. "Kampuni haina chama."

"Nikinyamaza, Owino hawauzi."

"Na leseni?" aliuliza mzee Nashon Ochola, mwenyekiti. "Sisi ni wageni hapa, Loice. Tusijitie katika siasa zao."

"Jana wafanyakazi walizima mitambo, mzee. Hao walioko langoni ni wake zao. Wenye hisa nitapata wengine. Wanywaji wengine nitawatoa wapi?"

"Utajuta," alisema Travis.

"Nitajuta nikiwa nimesema."

Mbele yake ilisimama chupa ya Chemchemi, imefunguliwa. Hakuwahi kutangaza jambo bila kuinywa kwanza. Kampala nzima ilimjua hivyo.

"Tuombe," alisema Ochola.

Hakuna kikao cha nyumba ile kilichoanza bila sala, na sala ya Ochola ilikuwa ndefu. Vichwa vikainama. Macho yakafumbwa.

Ya Aol hayakufumbwa.

Mama yake alikuwa Mkatoliki. Baba yake, Sajini Wahabi, alikuwa Mwislamu. Katika nyumba za polisi Naguru mtoto alijifunza sala zote mbili, lakini penye hatari aliomba kama baba: viganja wazi kifuani, macho wazi.

Travis aliinua kope, akaona kichwa cha mlinzi kimeinama. Miaka yote aliyokaa na Wakenya ilimfundisha kwamba anayeomba haoni.

Vidole vyake vikachomoa kitu kwenye mkono wa koti. Kichupa chembamba. Matone mawili ndani ya chupa ya Loice.

"Amina," walisema wote.

Loice akashika chupa.

"Weka chini, mama." Glock ya Aol ilikuwa juu ya meza, imemwelekea Travis. "Bwana mshauri, kunywa wewe."

"Una wazimu?"

"Kunywa. Umeshaombewa."

Travis alipindua meza, akavunja kioo cha dirisha kwa bega, akaruka.

Aol akaruka nyuma yake.

Kreti zilibomoka kwa kishindo, soda ikafoka kila upande. Travis alisimama akichechemea, mkono ukienda kiunoni. Haukufika. Kulusum alimshushia mgongoni kreti iliyokwisha kumwagika chupa, na Aol akamtia pingu akiwa kifudifudi.

"Mpokeaji amepatikana, afande. Leteni gari."

Juu, Loice alitokea kwenye dirisha lililovunjika, kipaza sauti mkononi. Ochola alimvuta koti.

"Tuahirishe, mwanangu! Umeona wanavyotaka kukufanya!"

"Afisa!" Loice aliita. "Ungekuwa mimi, ungesema?"

"Mimi nimelinda pumzi, mama. Utazitumiaje, ni juu yako."

Loice alijinasua.

"Chemchemi haitanunua sukari ya Kasolo. Mwenye hisa asiyetaka, auze leo. Serikali ikitaka leseni yake, ofisi yangu inaijua."

Hakuna aliyepiga makofi.

Kulusum alipangusa soda usoni. "Maneno tumesikia. Kreti hazitoki hapa mpaka tuone vitendo. Mwambie bosi wako."

"Si bosi wangu." Aol alirudisha bastola kiunoni, akakung'uta vioo begani. "Panda ukamwambie mwenyewe. Yuko hai."

Akapita katikati yao, akaelekea barabarani.