Mashapo ya Chupa ya Kijani

Chupa zote zilikauka juani isipokuwa moja, ya kijani. Mama Chupa aliigeuza kichwa chini, akaipigapiga kitako, akaiacha ubaoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alipoiinua, mafuta mekundu yalikuwa mle mle ndani, upana wa kidole, kama alivyoyakuta. Ubao haukuwa umelowa hata kidogo.

Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Alitengeneza manukato ya watu wasio na uwezo: karafuu na maganda ya machungwa aliyaloweka katika mafuta ya alizeti yasiyo na harufu, wiki tatu gizani kabatini, kisha akayakamua kwa kitambaa. Ya kunukisha nyumba aliyatia katika vichupa vyenye vijiti vya mianzi, harufu ikapanda polepole. Siri yake, ambayo aliijua bintiye tu, ilikuwa mashapo. Mfagizi wa nyumba ya wageni alimletea chupa za marashi ghali zilizotupwa, naye alizisuuza moja baada ya nyingine kwa mafuta yaleyale, mpaka yakabeba kidogo cha kila tajiri aliyewahi kulala pale.

"Mama, hiyo ya kijani usichanganye," binti alisema, tumbo limemtangulia, siku zake za kujifungua zimekaribia. "Hatujui ilikuwa ya nani."

"Na zile nyingine ulizijua? Za mashemeji zako?"

"Zile zinakauka."

"Tone moja nililolichokoa kwa kijiti limekaa kwenye karatasi siku tisa, mwanangu. Tisa! Mungu akikupa kitu kama hicho, unakitupa?"

Akaitia mafuta ya alizeti, na yale mekundu yakakubali kutoka nayo, akayamimina kwenye mtungi mkubwa. Akayaacha kidogo tu chupani, ya akiba.

Mzigo ule haukumaliza wiki. Fundi cherehani wa jirani alirudi mara mbili. "Mama Chupa, hata nikioga haitoki! Mume wangu ananifuata mpaka jikoni."

"Basi mfunge kengele, usije ukamkanyaga."

Walicheka. Kicheko hicho Mama Chupa alikuja kukikumbuka kama mtu anavyokumbuka mfupa aliokabwa nao.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike, mzito, mwenye pupa ya ziwa. Siku ya tatu bibi, kwa mapenzi yake yote, alimpaka mzazi mafuta yale shingoni na kifuani ili anukie. Mtoto alipowekwa kifuani aligeuza uso, akapiga kelele kama anayekabidhiwa kwa mtu asiyemjua. Walimwogesha mama yake kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Harufu ikazidi kuingia ndani. Wakakamua maziwa wamnyweshe kwa kijiko. Akayatema, maana nayo yalinukia vilevile. Siku ya pili ya kukataa, utosi wake ulikuwa umebonyea na kilio kimekuwa kama cha paka aliye mbali.

Mchana huo, jua likiwa katikati, Mama Chupa, akiwa ameketi kwenye godoro la ukumbini, alimsikia bintiye akiimba taratibu chumbani. Akachungulia dirishani: bintiye alikuwa uani, anaanika nepi.

Aliyekuwa akiimba akanyamaza. Harufu ikatoka chumbani, ikaja ukumbini kwa mwendo wa mtu, ikampita, ikarudi, godoro alilokalia likadidimia upande wa kushoto kama linavyodidimia akikaa mtu mnene, na hapo akasikia kunusa, kunusa kurefu kwa subira, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, kutoka kwenye kiwiko mpaka begani, na akashindwa kupiga kelele kwa sababu alijua, kama mama anavyojua, kwamba si yeye anayetafutwa.

Binti aliingia, nepi mkononi. "Mama," alinong'ona, "nani amekaa kando yako?"

"Usimtazame."

"Usiku ananiambia nimwondoe mtoto. Anasema mimi ni nyumba yake. Eti nani kamweka mpangaji ndani?"

Mganga waliyemwita alikuja jioni ile ile. Pua yake ilikufa utotoni kwa ugonjwa. Ndiyo maana pepo wa aina hii, waingiao kwa harufu, hawakuwa na mlango kwake.

"Kila aliyejipaka ni chumba chake," alisema. "Ila aliyempenda zaidi ni huyu mzazi. Nani alichanganya?"



"Mimi," Mama Chupa alisema.

"Aliyemwaga ndiye azoe. Yaliyobaki chupani ujipake yote, mama, huku unamwita."

"Kisha utamtoa kwangu?"

Mganga alitazama viatu vyake. "Nimpeleke wapi? Kama si kwako, ni kwa mwingine. Na huyo mtoto hafiki kesho."

Akajipaka. Shingo, kifua, nywele, nyayo. Mafuta yasiyokauka siku zote yakakauka mikononi mwake, chupa ikabaki kioo kitupu. "Njoo kwangu," alisema. "Njoo kwangu. Mwache mwanangu."

Asubuhi fundi cherehani alibisha hodi kwa hasira. "Umenipunja! Hayanukii tena, kama maji ya kawaida!" Alipofunguliwa alirudi nyuma hatua mbili, mkono puani, akaondoka bila kudai chochote.

Chumbani mtoto alikuwa ananyonya. Bibi alisimama mlangoni akisikiliza zile gulu-gulu ndogo, machozi yakimtoka, akasahau, akanyanyua mguu kuingia. Mtoto aliachia ziwa, akapiga ukelele.

"Mama," binti alisema bila kuinua macho. "Tafadhali."

Akaufunga mlango kwa mguu, taratibu, bila chuki. Mama Chupa alibaki ukumbini na mikono yake mitupu. Nyuma ya shingo yake mtu alivuta pumzi ndefu, akaishusha, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.