Lengalenga ya Ghorofa ya Nne

Wengine wakiamka kwenda kazini, Annonciata alikuwa ndiyo anarudi. Tangu saa kumi alfajiri alisafisha ofisi za watu. Saa tatu asubuhi alishuka basi pale Woolwich, London, akapita sokoni, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu tangu wahamie.

Alikuwa mtu wa Uvira, Kongo. Mume wake, Fortunat, alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Binti yao, Armelle, alikuwa na miaka tisa. Ukimsemesha Kiswahili alielewa kila neno, kisha akakujibu kwa Kiingereza.

Walikuwa wameomba hifadhi. Walisubiri jibu la serikali mwaka wa tatu sasa. Bila jibu, hakuna kusafiri. Kwa hiyo mama yake Annonciata alipofariki Uvira, Agosti ya mwaka 2000, Annonciata hakwenda kumzika. Alikaa chumbani, akashika simu, akasikia watu wakilia upande wa pili mpaka kadi ya simu ikaisha.

Mwezi uliofuata mtu wa kanisani kwao alitoka safari ya Kongo, akamletea kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na barua ya Raïssa, mdogo wake.

"Yaya," Raïssa aliandika, maana ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Shambani kwa mama sasa kuna wanajeshi. Wamekanyaga kila kitu. Niliokoa kichwa kimoja tu cha lengalenga yake nyekundu. Mbegu ni hizi. Sikubakiza hata moja, maana sisi tunahamahama, zingepotea. Wewe una nyumba. Zitunze, yaya. Zikiisha, zimekwisha."

Lengalenga ni mboga ya majani. Watanzania huiita mchicha. Hii ya mama yake ilikuwa na majani mekundu katikati, na ladha yake Annonciata hajaipata kwingine. Mama alikuwa akitunza mbegu zake mwenyewe, mwaka hadi mwaka, tangu alipoolewa.

Annonciata alifungua fundo. Mbegu zilikuwa ndogo kama chembe za mchanga, nyeusi, zinang'aa. Zote hazikujaza vijiko viwili vya chai. Alilia kwanza. Kisha akazifunga, akaziweka kabatini pamoja na pasipoti.

Oktoba ikafika na mvua ikaanza. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha jioni. Sasa, kwao Uvira mvua ikianza, mtu haulizi maswali. Anachukua jembe. Annonciata naye akaona ndiyo wakati wake.

"Baba Armelle, mvua hiyo," alimwambia mumewe. "Leo napanda."

"Utapanda wapi? Kwenye zulia?"

"Nicheke tu. Nitapanda ndani, hapa dirishani."

Alichimba udongo nje ya jengo kwa kijiko cha chakula. Ulikuwa mzito na baridi. Akaujaza kwenye makopo ya aiskrimu. Hakuyatoboa chini, nani atataka maji kwenye zulia? Akamwaga nusu ya mbegu. Akayapanga makopo juu ya hita ya ukutani, yapate joto. Akamwagilia asubuhi na jioni, kwa mkono wa mtu mwenye mapenzi.

Siku ya sita mbegu zikaota. Annonciata alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Armelle! Njoo uone mboga ya bibi yako!"

Armelle alikuja, akatazama, akasema kwa Kiingereza kwamba anaona nyuzi tu.

Na kweli zilikuwa nyuzi. Miche ilirefuka haraka, myembamba, myeupe, imeinamia kioo. Nje kulikuwa kumefunga mawingu, na saa kumi na moja jioni tayari giza. Annonciata alidhani miche ina kiu. Akaongeza maji. Wiki ya pili mashina yakaoza pale yanapogusa udongo, miche ikalala chini yote. Haukubaki hata mmoja.

"Sikumzika mama," alimwambia Fortunat. "Nimezika mbegu zake." Siku hiyo walikula wali mkavu, kila mtu na sahani yake.

Fortunat alikuwa mume mwema, na mume mwema naye huharibu. Januari alipita kwenye duka moja linalouza taa za kuoteshea mimea ndani ya nyumba. Muuzaji alimuuliza anapanda nini.

"Mboga," Fortunat akajibu.

Muuzaji akacheka mpaka akafuta machozi. "Ndiyo, mzee," akasema. "Wateja wangu wote hupanda mboga."

Fortunat hakuelewa kichekesho. Alinunua taa kubwa, na chupa ya mbolea ya maji. Muuzaji akamshauri abandike ukutani zile karatasi za kung'aa za kufungia nyama, ili mwanga usipotee, na pazia lifungwe. Fortunat akafanya yote. Annonciata akapanda tena, akabakiza mbegu chache tu. Ile taa wakaitundika karibu na makopo, maana waliona mwanga wa karibu ndio mwanga mwingi. Mbolea nayo akatia vifuniko viwili badala ya kimoja. Mtoto mgonjwa si unamwongezea uji?

Loo! Ile taa ilikula umeme hujaona. Walikuwa na mita ya kulipia kabla, na Fortunat alikuwa dukani kila mara kuongeza pesa. Chumba kikawa na joto na unyevu. Vioo vilitoka jasho, ukungu mweusi ukapanda kwenye kona, Armelle akaanza kukohoa. Miche ikakauka ncha kama iliyopitishwa motoni.

Jumamosi moja mlango uligongwa kwa nguvu.

"Hodi! Hodi nasema! Najua mpo, nawasikia!"

Annonciata alifungua. Alikuwa mwanamke wa ghorofa ya tatu, mnene, ana kilemba na shuka iliyolowa mkononi. Walikuwa wamewahi kusalimiana kwenye ngazi tu. Jina lake Haika, mtu wa Moshi, Tanzania.

"Mama Armelle, maji mnayomwaga dirishani yanashuka ukutani mpaka kwangu," Haika alisema. "Shuka nilizoanika zimekuwa na matope. Halafu nikwambie kitu kingine, na usikasirike. Jengo zima linasema mnalima bangi."

Annonciata alishika mdomo. "Bangi? Sisi? Mungu wangu!"

"Taa inawaka mchana na usiku, pazia limefungwa, karatasi zinang'aa ukutani. Watu wafikirie nini, mnasali? Mlinzi wa jengo amesema ataita polisi. Na ninyi bado mnasubiri karatasi zenu."

Annonciata alimvuta Haika mkono mpaka chumbani, akamwonyesha makopo, akamwonyesha kitambaa. Maneno yakamtoka yote kwa mpigo: mama, wanajeshi, barua. Haika alisikiliza. Ile hasira ikamtoka. Akaketi kitandani, shuka yenye matope mapajani.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Pole sana. Mimi kazi yangu ni kwenye vitalu vya maua ya bustani za manispaa. Mwaka wa kumi na moja huu. Ungeniuliza."

"Sikujua."

"Zimebaki ngapi?"

Annonciata alifungua fundo. Zilibaki kidogo sana, robo ya kijiko haikufika.

Haika aliinuka akafungua pazia, kisha dirisha. Hewa baridi iliingia. Alizima taa. Akatia kidole kwenye kopo.

"Umeyazamisha haya. Mizizi nayo inavuta pumzi, Mama Armelle. Kopo halina tundu, maji yaende wapi? Na mbolea hii imewaunguza watoto. Mche mdogo hauhitaji mbolea, chakula chake cha kwanza kimo ndani ya mbegu."

"Lakini mara ya kwanza sikutia mbolea. Nilipanda mvua ilipoanza, kama nyumbani."

"Hapo ndipo ulipokosea zaidi. Kwetu mvua inakuja na jua lake. Mvua ya huku inakuja na baridi na giza. Mchicha hautazami mvua, unatazama joto na mwanga. Huku unapanda Mei."

"Mei! Miezi mitatu!"

"Mbegu kavu ndani ya kitambaa kikavu haina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Siku hiyohiyo karatasi zilibanduliwa. Fortunat alishuka mwenyewe kwa mlinzi wa jengo, akamkaribisha aje atazame. Mlinzi alikuja, akaona makopo ya miche iliyokufa, akaondoka zake. Taa waliiuza kwa hasara.

Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu. Jibu la serikali halikuja. Kuna siku Annonciata alifungua kabati mara tatu kutazama kitambaa.

Mwishoni mwa Aprili Haika alipanda ngazi na sahani na karatasi laini ya jikoni. "Nipe mbegu kumi," alisema.

"Za nini?"

"Za kujaribu. Tunaziweka kwenye karatasi yenye unyevu. Zikiota sita, tunajua zilizobaki bado zina uhai, na tunajua tupande kwa wingi gani."

"Kumi nyingi! Unajua hizi ni nini?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki ukazimwage zote gizani tena."

Annonciata alihesabu kumi, moja moja. Baada ya siku nne zilikuwa zimeota saba. Alikimbia na sahani mpaka ghorofa ya tatu, miguu mitupu.

Wakapanda sasa. Haika alileta makopo yenye matundu, na udongo mwepesi wa mfuko, ule wa kuoteshea mbegu. Mbegu zilifunikwa kwa udongo kidogo tu. Maji yaliwekwa kwenye sinia chini, udongo unywe wenyewe, kisha yanayobaki yanamwagwa.

"Kesho namwagilia saa ngapi?" Annonciata aliuliza.

"Kesho hugusi. Tia kidole. Ukikuta pakavu juu, ndiyo umwagilie. Na kila asubuhi yageuze makopo, miche isiinamie upande mmoja. Dirisha hili la sebuleni ndilo linalopata jua. Kile chumba chenu hakioni jua hata Julai."

Miche ilitoka mifupi, imenona, ina wekundu kwenye shina. Annonciata aliitazama kama mtu anayeogopa kupumua. Wiki ya tatu Haika akaja, akasema miche imebanana.

"Ng'oa. Acha mmoja mmoja, ile yenye nguvu."

"Siwezi. Mama Haika, niombe kingine chochote."

"Ukiacha yote, yote itadhoofika. Utaipoteza yote kwa huruma."

Annonciata akajikaza, akang'oa mmoja, akang'oa mwingine, machozi yanamdondoka kwenye udongo. Haika hakumsaidia. Alijua mkono ule lazima uwe wa mwenyewe.

"Sasa usitupe," Haika alisema alipomaliza. "Lete sufuria."

Miche iliyong'olewa ilipikwa na kitunguu na chumvi. Ilitoka vijiko vitano. Fortunat alionja, akaweka kijiko chini, akaenda kusimama dirishani. Armelle alimaliza sehemu yake. Akamwuliza mama yake, kwa Kiswahili kibovu lakini Kiswahili, kama bibi alikuwa anapika hii kila siku.

"Kila siku," Annonciata alijibu.

Juni miche ilihamia roshani, ndani ya ndoo zenye matundu. Haikupelekwa kwa siku moja. Wiki nzima ilitolewa nje mchana na kuingizwa ndani jioni, ili izoee upepo na baridi. Walivuna majani kidogo kidogo. Lakini mimea miwili, ile mikubwa kuliko yote, Annonciata alikataza isiguswe hata jani. Wageni wa kanisani walikuja, Fortunat akaitamani.

"Mama Armelle, tukate hata huu mmoja. Tutawapa nini?"

"Wape maharage. Hiyo ni ya mbegu."

Mimea hiyo miwili ilifika kifuani mwa Armelle. Septemba ikatoa vichwa vyekundu. Baridi ilipoanza wakaiingiza sebuleni, ikakomaa pale. Oktoba, Annonciata na Haika walitandika gazeti sakafuni, wakavikausha vichwa, wakavisugua kwa viganja, wakapuliza makapi. Mbegu zilijaza kikombe cha chai.

Haika alikaa chini akacheka. "Shoga, kikombe kizima!"

Annonciata hakucheka. Aligawa mbegu kwenye bahasha tatu. Moja akaiweka kabatini. Moja akampa Haika. Ya tatu akampa mtu wa kanisani aliyekuwa anasafiri kwenda Kongo, na barua ndefu ya kueleza kila kitu.

Januari simu ililia. Alikuwa Raïssa. Sauti yake ilikuja na kwenda.

"Yaya, unanisikia? Tumehamia kwa shangazi. Nimepanda nyuma ya nyumba."

"Na?"

"Imeota. Leo nimepika. Shangazi ameonja tu, akaanza kumlilia mama. Nyumba nzima tumelia, yaya. Tumemlilia kama jana."

Annonciata aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Tangu Agosti ile alikuwa akilia peke yake. Sasa alilia nao, wao kule na yeye huku, wala hakujali kadi ya nani inakwisha.

Alipoweza kusema, alijifuta uso kwa kanga.

"Raïssa. Hamkukata yote?"

"Yote? Yaya, nilisoma barua yako. Minne mikubwa sijaigusa. Shangazi ameizungushia miiba."