Kivuli cha Saa Kumi

Kling, kling, kling. Kisha kimya. Kisha tena, kling, kling, kama mtu anayesuuza brashi ndani ya glasi ya maji, polepole, mtu mwenye kazi yake na muda wake. Laurentine alifungua macho gizani. Ni Rigobert, alijiambia, maana nani mwingine mtaa mzima wa Katuba angekuwa mpumbavu wa kuamka usiku kuchezea rangi, na akanyoosha mkono kwenye upande wa mume wake kitandani ahakikishe ni mtupu, apate la kumsema asubuhi.

Mkono ukagusa mgongo. Rigobert alikuwa amelala, anakoroma.

Panya, alijiambia. Akajifunika. Lakini kabla ya kulala alikuwa ameiosha mwenyewe glasi ya brashi za Rigobert na kuifudikiza juu ya meza, na asubuhi aliikuta imesimama wima, imejaa maji mpaka mdomoni.

Huyu Laurentine alikuwa dada mkubwa wa nyanya yetu, na mwaka huo wa 1953 alikuwa na miaka ishirini, mtoto mmoja wa wiki tatu aitwaye Mwaba, na mume karani aliyetaka sana kuwa mtu. Ndiyo, kuwa mtu, maana kwa Rigobert sisi wengine wote wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tulikuwa basenji tu, washenzi. Alikuwa ameomba ile carte ya évolués, kadi ya mweusi anayehesabiwa kuwa amestaarabika, na commission ya serikali ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba kuangalia kama mwombaji analala juu ya shuka, kama mke wake anajua fourchette, uma ule, ikae upande gani wa sahani. Shuka alikuwa nazo, fourchette pia. Akatafuta kitu ambacho hakuna karani mwingine aliyekuwa nacho, na ndipo akaanza kuchora kwa rangi za maji.

Alifundishwa na mzungu mmoja, Madame Martine, mara mbili kwa wiki baada ya kazi. Hakufundishwa kuchora simba wala watu wanaocheza ngoma. Alifundishwa kuchora kitunguu. Kitunguu, kikombe cha bati na samaki mkavu, vimepangwa juu ya meza karibu na dirisha, na mwanaume mzima mwenye tai anavitazama kuanzia saa kumi mpaka giza, jicho moja limefumbwa. Laurentine akimwangalia alikuwa anaona aibu kama vile amemkuta anaongea na kuku.

Samaki alikuwa ameletwa na mama Germaine, mama yake Rigobert, aliyetoka Pweto na mzigo wake kuja kumsaidia mzazi.

"Inaitwa nature morte," Rigobert alimweleza. "Njo kusema, bintu bya kufa."

"Na bya kufa unabipanga ku meza kwenye bantu banakula?"

"Mama, hauwezi kuelewa."

"Minaelewa. Ile samaki nilileta ya kukula. We unaiangalia siku tatu. Nayo inakuangalia."

Laurentine alicheka ndani ya kanga yake. Lakini alikuwa anamcheka na mama mkwe pia, hilo liandikwe. Amesoma kwa masista, anajua kuandika barua bila kosa, na hapa kuna mama wa Pweto anayemfundisha namna ya kumwaga maji. Maana kila alipomwogesha Mwaba, yule mama alikuwa anasimama nyuma yake.

"Maji ya mutoto haibaki mu beseni, Mama Mwaba. Uimwange pale pale ku mugomba, na mukono yako mwenyewe. Kivuli ya mutoto muchanga haijashika ku mwili. Inatokaka mu maji ya kunawa. Ukiimwanga ku mugomba, inajua njia ya kurudia."

"Ndiyo, mama," Laurentine alikuwa anajibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa anawajibia masista.

Sasa shida ya Rigobert ilikuwa vivuli. Kitunguu chake kilikuwa kitunguu, samaki alikuwa samaki, ila vivuli vilikuwa vyeusi, vizito, kama masizi yaliyodondoka kutoka jikoni. Madame Martine alimwambia wazi kwamba kivuli si cheusi hata kidogo. Kina bluu, kina zambarau, kinaazima rangi kwa kitu kilicho jirani. Akamwambia tena achague dirisha moja na saa moja, asibadilishe. Jua litahama, lakini kwenye karatasi lisihame. Basi Rigobert akachagua saa kumi, dirisha la kulia, lile lingine akalifunga, na vivuli vyake vyote vikalala kushoto, virefu, na bado vikawa masizi. Alipokasirika aliwalaumu watu wengine. "Basenji banaona kintu tu," alisema. "Kivuli habaioni. Unaweza kuibeba mbele yabo, habataiona."

Jumamosi ile mama Germaine alikuwa ameenda sokoni. Laurentine alikuwa ametoka kumwogesha mtoto, amechoka mpaka mifupa, ananyonyesha, na beseni bado liko chini.

"Laurentine, maji."

"Haiko. Enda kuteka ku robinet."

"Mimi? Nipange mulongo na banamuke, na ndoo ku mukono? Commission inaweza kupita kule."

Laurentine akamtazama. Tai, brashi sikioni, na hawezi kubeba ndoo. Alimdharau sana dakika hiyo, akamdharau na mama yake pamoja na mgomba wake, na akasema neno ambalo baadaye alitamani kulimeza.

"Chukua mu beseni. Maji iko maji."

Rigobert akachovya glasi.

Na siku hiyo vivuli vikakubali. Hakukuwa na masizi tena. Chini ya kitunguu kililala kivuli cha bluu, laini, chenye joto, kivuli ambacho ungetaka kukisogeza kidogo ili kisipigwe na mguu. Rigobert alicheka peke yake kama kichaa. Laurentine akaenda kumwaga maji yaliyobaki mgombani.

Usiku huo ndio alisikia kling, kling.

Jumapili saa sita alitoka na Mwaba uani aanike nepi. Jua lilikuwa kichwani. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akaanika, akarudi, akambeba. Akaona kitu chini. Kamba ina kivuli. Nepi zina vivuli. Yeye mwenyewe ana kivuli, kifupi, kimejikunja miguuni. Akamwinua mtoto mbele yake kwa mikono miwili.

Chini, mikono miwili ya kivuli ilikuwa imenyooka. Haikubeba kitu.

Akamshusha. Akamwinua tena. Mikono tu.

Mtoto hakulia. Ndipo akakumbuka kwamba hajalia tangu jana. Ananyonya, anafumba macho, anafumbua, hatoi hata sauti ya paka. Na ngozi yake ilikuwa imechujuka, kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Jumatatu mama Germaine aliona mwenyewe, hakuhitaji kuambiwa. Alimpeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, akatazama chini muda mrefu. Kisha akaenda kusimama mbele ya mchoro, uliokuwa umebandikwa ubaoni ukauke. Kitunguu, kikombe, samaki. Na nyuma ya samaki, kivuli kimoja ambacho hakikuwa cha kitu chochote pale mezani. Kidogo. Kirefu kuelekea kushoto. Chenye mkono umekunjwa.

"Nani alitoa maji?" aliuliza kwa kunong'ona.

Laurentine alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa neno moja. Lakini kukiri mbele ya mama huyu, yeye aliyesoma, kwamba mgomba ulikuwa na maana na masista hawakujua?

"Baba Mwaba aliichukua yeye mwenyewe," akasema.

Mama Germaine akamtazama. "Banakufundisha fourchette," alisema, "habakukufundisha kumwanga maji." Kisha akaeleza. Ile karatasi irudi ndani ya maji, ioshwe, mtoto aogeshwe kwa maji hayo, yamwagwe mgombani. Lakini lazima ioshwe na mkono uleule uliotoa maji. Mkono mwingine ukigusa, ni bure. Na ifanyike haraka, kabla kivuli hakijakaukia.

Jioni wakamwambia Rigobert. Alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa ametoka kuupeleka mchoro kwa Madame Martine, naye ameusifu, amesema vivuli hivi hata yeye hawezi. Aliuliza tu kwa nini ameongeza mtoto aliyelala nyuma ya samaki. Rigobert alimjibu hakuna mtoto. Sasa ameshaununulia fremu yenye kioo, unaingia ukutani, commission inakuja Ijumaa.

"Nioshe tableau yangu? Juu ya hadisi ya bibi wa Pweto?"

"Angalia mutoto yako," mama yake alisema.

"Mutoto iko na homa. Tutaenda ku dispensaire kisha commission kupita. Na mutu asiniletee busenji mu nyumba wiki hii."

Jumanne. Jumatano. Kling, kling, kila usiku. Mama Germaine alimsihi mwanawe, alipiga magoti, mama mzima mbele ya mtoto aliyemzaa, na Laurentine alisimama pembeni akitazama, anajua kwamba hata Rigobert akikubali ni bure, kwamba aliyetoa maji ni yeye aliyesema chukua, na mkono wenyewe ni huu wake, ananyamaza. Mwaba aliacha kunyonya Alhamisi. Maziwa yalimtoka mdomoni upande mmoja.

Ijumaa saa kumi commission ikaja. Wazungu wawili wenye kofia, na karani mmoja mweusi wa kuandika, ambaye aliingia ameinua pua kuliko hao wazungu. Walifungua kabati. Walihesabu shuka. Walinusa jikoni. Kisha mmoja akasimama mbele ya mchoro, na Rigobert akajivuta tai.

"C'est de vous?" aliuliza, yaani ni kazi yako?

"Oui, monsieur."

Jua la dirisha la kulia lilikuwa limeingia, lile lile. Laurentine alikuwa kwenye kiti, mtoto mapajani, amejifunga kitambaa kizuri kama alivyoagizwa. Alitazama ukutani. Mkono ule mdogo wa kivuli haukuwa umekunjwa tena. Ulikuwa umefunguka. Vidole vitano.

Akainuka. Akampa mama Germaine mtoto. Akapita katikati ya wazungu wawili bila kusema pardon, akautoa mchoro msumarini, akaipiga fremu kwenye pembe ya meza. Kioo kikamwagika.

"Laurentine," Rigobert alisema, taratibu kabisa. "Unafanya nini?"

Hakujibu. Alikuwa uani tayari. Beseni. Maji. Akaizamisha karatasi.

Samaki alitoka kwanza, akaenda kama moshi. Kitunguu kikatoka. Kikombe kikatoka. Vivuli vyao vikatoka. Kile kimoja hakikutoka. Akasugua kwa kiganja. Hakikutoka. Akasugua kwa kucha, na damu ya kidole kilichokatwa na kioo ikaingia majini. Nyuma yake alimsikia yule karani wa commission akisema kwa Kifaransa safi kwamba ndiyo haya, unawavalisha viatu, wanabaki walivyo, na mzungu mmoja akacheka kidogo. Akasugua. Kikaanza kuachia upande wa miguu.

Kikaachia.

Akamzamisha Mwaba, mwili mzima, katika maji ya bluu. Moja. Mbili. Mara ya tatu mtoto akapiga kelele iliyowatoa majirani nje. Laurentine akabeba beseni mwenyewe, akalimwaga chini ya mgomba, akakaa hapo hapo matopeni na kitambaa chake kizuri. Mama Germaine hakuuliza kwa nini mkono wa Laurentine umekubaliwa.

Carte haikuja. Rigobert hakumsamehe mpaka alipokufa, na alipolewa alikuwa anawasimulia watu jinsi alivyooa msenji akidhani ameoa msichana wa masista. Kisanduku cha rangi alikitupa. Hiyo nayo ilikuwa faida.

Mwaba alinenepa. Akakaa, akatambaa. Mwaka uliofuata, siku moja saa sita, jua likiwa utosini, alisimama peke yake uani kwa mara ya kwanza, hatua tatu, akicheka, na Laurentine akapiga makofi, kisha mikono ikabaki hewani.

Kivuli cha mgomba kilikuwa shinani. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa miguuni. Kivuli cha Mwaba kilikuwa kimelala kirefu kushoto kwake, mpaka ukutani. Bluu. Kivuli cha saa kumi. Mtoto akageuka, nacho kikageuka naye, kikabaki kushoto.

Mama Germaine alikuwa ameona. Alikuja akakaa karibu, akaongea chini chini.

"Ilikaukia," alisema. "Ile siku nilikuuliza, ingetoka yote. Ulingoja siku ine, Mama Mwaba."

"Ulijua ni mimi nilitoa maji?"

"Nilijua. Nilingoja useme."

Laurentine alitaka kulia, akakosa machozi. Aliuliza watu watasema nini wakiona.

"Habataona. Bantu habaangaliake kivuli ya mwenzabo. Mwana yangu iko mujinga, lakini ile alisema kweli." Akamshika mkono, ule wenye kovu la kioo. "Mutoto mwenyewe asijue. Akijua, atageuka kuiangalia, na siku moja nayo itamuangalia. Usimwambie mutu."

Uani, Mwaba alianguka, akainuka. Kivuli kilichelewa kidogo kuinuka.

"Sitamwambia mtu, mama," Laurentine alisema. "Hata mmoja."